Kura Yako Usinambie

Mwanangu Zuwena,

Mimi baba yako, Mbarouk bin Khelef, nna miaka sabini na mbili, au sabini na tatu. Aliyeijua hisabu hasa ni bibi yako, na yeye alishatangulia. Nimeiona rupia ikafa, nikaiona shilingi ikaja. Nimezika wake wawili kabla ya kumuoa mama yako, Mungu awarehemu. Nimempita daktari wa Kigoa aliyenambia mbele za watu kuwa moyo wangu hautofika Ramadhani; aliyekwenda ni yeye, na mimi Ramadhani hizo nimeacha kuzihisabu. Nimeipita hata Unguja niliyoijua, maana ile haipo tena, na mimi nipo hapa Hamriya, katika nchi ya Kiarabu ya wazee wetu, meno yangu ya mbele yote kinywani, nnakuandikia barua.

Nnaandika kwa herufi za chuoni, zile za msahafu, kwa kuwa zile za kizungu ulizonifundisha zinanikimbia mkononi. Soma polepole. Pale palipochafuka ni wino tu. Usije ukawaambia watu wa Kuwait kuwa baba yako kalia.

Kesho unaondoka na mumeo. Mambo ya sanduku, ya dawa za tumbo, ya kukaa na mawifi na namna ya kuwanyamazisha, mama yako ameyasema wiki nzima mpaka na mie nimeyahifadhi. Sina la kuongeza hapo. Mie nataka kukuandikia jambo moja ambalo Hamriya nzima, na Matrah ukipenda, hakuna mzee anayelijua kunishinda, nalo ni namna mtu anavyopiga kura.

Usicheke. Nnajua umecheka.

Nnakuandikia kwa sababu leo asubuhi umepiga kura, na khabari hiyo itafika Kuwait kabla ya sanduku lako. Watu wetu kule ni wengi na midomo yao ni mingi zaidi. Mmoja atasema Mbarouk kamlazimisha binti yake. Mwengine atasema Mbarouk kazeeka, kajipigia teke mwenyewe. Nataka uwe nayo kwa mkono wangu, ili akitokea mwenye kukuhadithia uongo, umpe hii asome, na kama hajui herufi hizi, msomee weye kwa sauti kubwa.

Nianze mbali. Neno lenyewe ndilo lililoniponza. Kura. Sisi kule shamba, nilipokuwa msimamizi wa wachumaji, na hapakuwa na msimamizi kama mie, tulipiga kura kwa vijiti. Nani apande mkarafuu upi, nani aanikie wapi, unakata vijiti vya urefu mbalimbali, kila mtu anavuta chake, Mungu keshaamua, khalas. Na katika vijiti, wa kwanza kuvuta na wa mwisho bahati yao moja. Basi serikali ilipotangaza kuwa sasa watu watapiga kura, mie nikasema moyoni, alaa, hata Wazungu wamejifunza kwetu. Siku yenyewe nikala wali wangu wa mchana, nikalala usingizi wangu, nikaamka alasiri, nikavaa kanzu ya Idi na joho juu yake, nikachukua kadi, nikenda zangu polepole kama bwana harusi. Nikamkuta askari mlangoni.

"Mzee, tumeshafunga."

"Kwani vijiti vimekwisha?"

Askari yule alinitazama kama mtu aliyeulizwa mwezi umekaa upande gani. Na barazani, kwa bahati yangu, alikuwa amekaa Maalim Suleiman. Huyu huyu Maalim wetu, aliyekufundisha kusoma. Yeye alipiga tangu asubuhi, na kakaa pale kuangalia nani kaja na nani hakuja. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Bwana Mbarouk, hii si kura ya vijiti. Hapa Mungu kakwachia weye uchague."

Neno hilo lilinikaa, Zuwena. Nilimchukia kwa kucheka, lakini neno lilinikaa. Nikarudi nyumbani na joho langu, na kura yangu ya mwanzo ikabaki mfukoni, kadi safi, haijaguswa. Mtu anaweza kuwa na haki yake, na nguo nzuri ya kuivalia, akachelewa tu. Hakuna aliyenizuia. Wali ndio ulionizuia, na usingizi.

Mara ya pili nikasema watanitambua. Alfajiri ilinikuta mlangoni. Mbele yangu palikuwa na mlango mtupu, nyuma yangu mji mzima. Hapo nilikuwa sawa kabisa, na ningebaki sawa lau ningefunga mdomo. Sikufunga. Nilisimama pale nikawatangazia watu ntampa nani, na kwa nini, na yule mwengine baba yake alikuwa nani, na babu yake aliiba nini. Mpaka mlango unafunguka, nusu ya msitari hawataki kunitazama. Maalim alikuwa nyuma yangu hasa. Akanambia kwa upole, na upole wa Maalim unaudhi kuliko matusi:

"Mbarouk, kaa na yako moyoni, na mie nikae na yangu, kesho tunywe kahawa."

"Anayeficha kura yake anaionea haya," nikamjibu.

Akaguna tu. Kahawa hiyo hatukuinywa. Tulipishana njia moja miaka yote iliyofuata, tukajikuta tumeihama nchi ile ile, tumefika mji huu huu, mtaa huu huu, na bado hatuulizani hali ila kwenye maziko. Nani alishinda siku ile na yaliyokuja baadaye unayajua, yamekukuta mtoto, na mie sina wino wa kuyaandika. Nnalotaka kukwambia ni kuwa kura inaingia kifua kimoja tu. Ukiitia cha pili, inageuka ugomvi. Kosa langu lilikuwa kubwa, sawa, lakini mie sijapata kufanya mambo madogo.

Sasa nije hapa.

Unajua tangu mambo yalipobadilika mwaka huu, akakaa Sultani mpya na milango ya nchi ikafunguliwa, watu wetu wanavyoshuka, kila meli na watu wake, na kila mtu na karatasi zake anazitaka kwa Wali, mkuu wa mji. Wengi wao Kiarabu kimewapotea huko huko. Karani wa Wali akachoka. Siku moja akatusimamia mlangoni: "Kila siku mnanijia kundi zima, mnasema wote kwa mara moja, nusu kwa Kiswahili. Nileteeni mtu mmoja awasemee. Mmoja!"

Mtu mmoja huyo, kila mwenye akili alijua ni mie. Kiarabu changu ni cha marehemu baba, cha bara hasa, cha Sharqiya. Nikifungua mdomo karani anacheka, anasema kamkumbuka bibi yake, na mtu akishamkumbuka bibi yake hakunyimi kitu. Lakini Maalim naye akasema ni yeye. Kiarabu cha Maalim ni cha vitabuni. Akisalimia tu, watu wanaona kama khutba imeanza, wanatafuta pa kukaa.

Msikitini baada ya alasiri wazee wakataka mambo yaishe pale pale, watu wainue mikono. Mie nikasimama. Nikasema mikono sitaki. Mtu kakaa karibu ya mkwewe, mkono utainuka wenyewe? Mwengine kakaa karibu ya kaka yake mkubwa. Na wanawake wako majumbani, nao ndio wenye karatasi nyingi, wajane wale, mikono yao nani ataiona? Nikasema tupige kura, ya siri, wake kwa waume.

Maalim akageuka. "Leo weye, Mbarouk, ndiye wa kutufundisha siri?"

"Ndiye. Mie nilishakosea kote, nyie bado."

Msikiti ukacheka, na mie nikashinda. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kwa karatasi haikuwezekana. Nusu ya watu hawasomi, na nusu wanaosoma, huyu anajua herufi za chuoni, huyu anajua za skuli. Nikatoa shauri: anayenitaka mie atie karafuu mtungini, maana umri wangu umepita chini ya mikarafuu, anayemtaka Maalim atie kokwa ya tende, kwa kuwa wazee wake ni watu wa mitende, na kwa kuwa kichwa chake kigumu. Mtungi ukakaa katika ghala ya Dadkarim, Mbulushi mwenye duka, ambaye Kiswahili hakijui, na nani atamsemea nani hakumshughulishi. Watu waingie mmoja mmoja, watoke. Shauri hilo lilisifiwa mtaa mzima. Lilikuwa langu.

Ijumaa ile uliiona kwa macho yako, lakini hukuona nilivyoiona mie. Wanaume wakapita, wakaanza wanawake. Na shangazi yako, Bi Shinuna, kajiwekea mkeka mlangoni na dele lake la kahawa. Kila anayetoka anampa mkono. Mie nikasema maskini dada yangu, uzee umemtia adabu, siku hizi anaamkia watu. Kumbe kila mkono anauvuta puani!

"Huyu karafuu. Huyu karafuu. Karafuu. Huyu... huyu hanuki kitu, huyu wa Maalim! Weye Rukia! Mchana kutwa unashinda jikoni kwangu, leo unamtilia kokwa Suleiman?"

"Mie nimenawa, Bi Shinuna!"

"Umenawa wapi, ghalani kuna maji?"

Tazama watu sisi. Mji mzima wa watu waliozaliwa ndani ya harufu hiyo, waliolala juu ya magunia yake, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuwa karafuu inanuka. Tuliizoea mpaka pua zetu zikaisahau. Mbulushi mwenyewe ndiye aliyekuwa akipiga chafya tangu asubuhi, na hatukumuuliza kwa nini.

Na kwa pua, mwanangu, mie nilikuwa nnashinda. Nnakwambia hili ulijue. Watu wangu walikuwa wamenizunguka wananibana mbavu kwa furaha. Ndipo weye ulipotoka kwenye msitari, hujaingia bado, ukaja ukasimama mbele yangu na mtandio wako kichwani.

"Baba, hii si siri. Hii ni harufu tu."

Mmoja akaninong'oneza, "Nyamaza, Bwana, tunashinda." Mie nikatazama ule msitari. Nikamuona mke wa mtu keshafika kizingitini, penye sahani za karafuu na makokwa, kashika kokwa yake ngumini, anamtazama Bi Shinuna, kisha anairudisha kwenye sahani na kuchukua karafuu. Kwa khofu ya pua ya dada yangu! Kura ile ilikuwa inakuja kwangu, na sikuitaka. Nikaingia ghalani, nikaupiga mtungi teke moja. Ukapasuka, karafuu na makokwa yakatapakaa mpaka chini ya magunia ya mchele. Dadkarim alilia kwa Kibulushi, na sina haja ya kujua alisema nini.

Maalim akaja akasimama kizingitini. Hakucheka. Akasema, "Mtungi umeuvunja mwenyewe, na ulikuwa wako."

"Ndiyo maana nikauvunja mwenyewe. Nikungojee weye, ungeupiga kwa kitabu."

Dawa yake uliitoa weye, na hilo nimelisema kwa kila mtu, ingawa nimesema pia kuwa akili hiyo umeipata kwangu. Kila mtu apewe vyote viwili, karafuu na kokwa, mkononi pamoja. Na mitungi iwe miwili, mmoja wa kura, mmoja wa kutupia. Anayotaka aitie huku, asiyoitaka aitie kule. Kila mkono utatoka unanuka sawa. Ndani ya mitungi, chini kabisa, tukatia mchanga, maana kokwa ikianguka inalia na karafuu hailii. Bi Shinuna akauliza, "Sasa pua yangu niifanyie nini?" Ukamwambia, "Ipumzishe, shangazi, imefanya kazi sana." Watu walikufa kwa kucheka, na yeye akacheka zaidi yao.

Siku ikawekwa upya, Ijumaa hii inayokuja. Kisha ikaja khabari kuwa meli yenu inatia nanga Matrah Jumatano.

Juzi nilikuona. Hukujua. Ulikuwa ukumbini unapanga zile sahani, ukachukua karafuu moja na kokwa moja, ukavifumba kiganjani, ukakaa hivo, kisha ukavirudisha kimoja kimoja. Nikakuuliza una nini.

"Basi tu, Baba. Kura yangu ndiyo imekwenda."

"Haijenda popote. Itapigwa kabla hujaondoka."

Nililisema kama mtu anayeagiza maji ya kunywa. Sikujua bado litakuwaje. Nilijua tu kuwa mie niliwahi kubaki na kura mfukoni kwa kulala, na sitokubali weye ubaki nayo kwa sababu ya meli.

Wa mwanzo kunipinga walikuwa watu wangu mwenyewe. Walinijia jioni ile, weye uko jikoni.

"Bwana Mbarouk, una homa? Zuwena kasomeshwa na Maalim tangu alif. Kura yake unadhani ya nani?"

"Sijui."

"Sisi tunajua!"

"Basi nyie mmeazima pua ya Shinuna."

"Mwache mtoto aende na mumewe kwa salama. Ni kura moja ya Maalim imepungua, hukumpokonya mtu, meli ndiyo iliyompokonya."

Maneno matamu hayo, mwanangu. Sikufanya lolote, meli ndiyo iliyofanya. Nikawaambia wamalize kahawa yao waende.

Nikadhani kwa Maalim itakuwa nyepesi, kwa kuwa kura yenyewe wanamhisabia yeye. Nikenda kwake, kwa miguu yangu, mlango ambao sikuwahi kuupiga hodi. Na yeye akakataa!

"Anayeondoka ana kura gani? Atakuwa Kuwait. Hatosimama kwa Wali na sisi."

"Mama yake anabaki. Watoto wa dada yake wanabaki. Nani atawasemea hao, ndilo analoulizwa."

"Na unataka apige kabla ya watu, peke yake, na weye umemsimamia kichwani. Hiyo si kura yake. Hiyo ni kura yako ya pili."

Umeona? Hawa wanasema mie mjinga, nampelekea Maalim kura. Maalim anasema mie mjanja, najiongezea. Nyumba mbili, usiku na mchana, na wote wawili wamekutana juu ya kitu kimoja, kwamba Zuwena asipige. Hapo ndipo nilipopanda ukaidi wangu hasa, ule ambao mama yako anaujua.

Nikamwambia, "Atapiga kwa Dadkarim, si kwangu. Mitungi yote miwili itazibwa midomo, mbele yako na mbele yangu. Mie ntakaa nje, mgongo mlangoni. Na weye, Maalim, utakaa ubavuni mwangu, na weye umegeuza mgongo."

Akazungusha tasbihi vidoleni. Kisha akauliza, polepole, "Na kama kura hiyo ni yangu?"

"Basi nimeipigania mie, na weye ulikataa. Utaishi na aibu hiyo, na mie ntaikumbusha kila Idi."

Hapo akacheka. Akavaa kofia yake, akasema twende tukamwambie Dadkarim.

Leo asubuhi umeingia ghalani na viganja vimefumba. Sisi wazee wawili tumekaa kwenye kigogo cha nje, migongo kwenu, uso kwa barabara, mtaa mzima umesimama unatutazama kama tumefungwa. Shangazi yako kajaribu kuchungulia, Dadkarim kamtolea jicho. Ukakawia. Wallahi ulikawia, Zuwena, karafuu na kokwa, kipi kigumu hapo?

"Anachukua muda," Maalim akasema.

"Anafikiri. Si ulimfundisha weye?"

"Ukaidi hakujifunza kwangu."

Tukacheka wote wawili, pamoja, kwa mara ya kwanza tangu mlango ule wa Unguja. Nikaona aibu kucheka na hasimu wangu mbele ya watu, kisha nikaona raha, kisha ukatoka.

Ukatoka kichwa juu. Umenifurahisha jinsi ulivyompelekea Bi Shinuna mkono mwenyewe, kabla hajauomba. Akaunusa kwa nguvu.

"Karafuu!" akapiga ukelele. Watu wangu wakashangilia, mmoja karusha kofia juu. Kisha dada yangu akasimama mdomo wazi, kakumbuka kuwa kila mtu atanuka hivo hivo, akaanza kujicheka mwenyewe mpaka akakaa chini. Dadkarim akafunga midomo ya mitungi kwa kitambaa na kamba, tukadondosha nta ya mshumaa, mie nikagandamiza pete yangu, Maalim akagandamiza yake.

Na haikuishia hapo, hili hukulijua maana mama yako alikuita kupanga nguo. Kabla nta haijakauka, akaja mtu anayekwenda Sib kwa ndugu zake kuvua, harudi ila baada ya Ijumaa. "Na mie je?" Akaja mke wa fundi seremala, mimba yake imeshashuka, anajua Ijumaa itamkuta kitandani. "Na mie je?" Akaja mwengine aliyepata kazi ya kujenga kule Wattaya, bosi wake hampi ruhusa. Tukavunja nta, tukaziba tena, tukavunja, tukaziba, pete yangu mpaka sasa inanata. Maalim ndiye aliyekuwa akiwaita: "Njooni, mwenye udhuru wa Ijumaa apige leo!" Maalim huyo huyo! Kwa hiyo kura yako haimo peke yake mle. Imelala na wenziwe, na hata Ijumaa tukimwaga mitungi hapana atakayejua ipi ni yako. Weye ndiye uliyefungua mlango huo, na mie ndiye niliyeusukuma.

Sasa nisikilize, maana karatasi inakwisha. Kuwait hawatokupa kura, nnajua. Weye mgeni kule, na mwanamke juu yake. Lakini popote watakapokaa watu kuamua jambo linalokugusa, iwe nyumba, iwe skuli ya watoto, iwe mambo ya jamaa zetu wa huko, sema unataka chako kihisabiwe. Nenda kwa miguu yako. Usimtume mtu aseme kwa ajili yako, hata mumeo, na mie nampenda mumeo. Akikwambia, "Ntasema kwa sote wawili," mwambie apige yake kwanza, yako ina mwenyewe. Nenda mapema, usiende baada ya wali. Siku yenyewe ina maradhi yake, ina maziko, ina meli. Ukipewa nafasi ya kabla, ichukue. Na ukishapiga toka, mpe mkono kila mtu, wanuse wapendavyo.

Magharibi ulikuja ukasimama mlangoni pangu, mie nna kalamu mkononi. Ukasema, "Baba, nikwambie?"

Nilitaka kujua. Sikufichi. Nilitaka kujua kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka huu. Mie Mbarouk, niliyewatangazia watu kura yangu mlangoni kabla jua halijatoka, nilitaka mtoto wangu anitangazie yake, niingie usingizini nayo. Na nikakwambia, "Ukinambia, kesho sikusindikizi Matrah." Ukacheka, ukanibusu mkono, ukaondoka. Mkono wako bado ulikuwa unanukia.

Usinambie kesho. Usinambie kwa barua. Ukirudi na wajukuu zangu, usinambie. Nikishinda Ijumaa nimeshinda. Nikishindwa, hata ikiwa kwa moja, Hamriya haitopata kumuona mtu aliyeshindwa akitembea kama mie, kwa sababu ntakuwa nimeshindwa na kura niliyoilinda kwa mgongo wangu mwenyewe. Maalim keshanialika kahawa kwa vyovyote itakavyokuwa. Nimemwambia ntakuja, na sukari aweke.

Haya niliyoyaandika wapo wa kuyashuhudia. Yupo Maalim Suleiman, aliyekaa ubavuni mwangu na hakugeuka. Yupo shangazi yako Bi Shinuna, ambaye aligeuka lakini hakuona kitu. Yupo Dadkarim Mbulushi, aliyeshika mitungi, muulize kwa Kiarabu. Na anayejua kuliko wote ni weye, nawe ndiye shahidi niliyemkataza kusema.

Baba yako,
Mbarouk bin Khelef